Fungu Lipo, Kiti Je? Makundi Maalum na Usimamizi wa Fursa za Kiuchumi Moshi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Mjadala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi katika halmashauri zetu umejikita kwa muda mrefu katika swali moja: ni kiasi gani cha fedha kimetengwa? Swali hilo ni la msingi, na sheria za nchi zimelijibu kwa tarakimu zinazoeleweka. Lipo hata hivyo swali la pili ambalo halijapewa uzito unaolingana na la kwanza. Nani anaketi mezani wakati inapoamuliwa kikundi gani kipate mkopo na zabuni ipi itengwe kwa ajili ya nani? Na baada ya fedha kutoka, nani anarudi kukagua kama zimefika na kuzaa matunda?

Kwa mwananchi wa Moshi, kuanzia mama anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni hadi kijana anayebeba mizigo ya watalii kutoka lango la Machame, swali hilo la pili ndilo linaloamua kama asilimia zilizoandikwa kwenye sheria zitageuka kuwa mtaji mkononi. Makala hii inaeleza sheria inasema nini, kwa nini usimamizi umekuwa kiungo dhaifu, na ni nafasi zipi mwananchi anazo leo za kuuimarisha.

Mafungu mawili yaliyowekwa na sheria

Fungu la kwanza ni mikopo ya asilimia 10. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2018, Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Kifungu hicho kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utengaji wa fedha hizo ulitegemea miongozo na utashi wa halmashauri husika. Baada ya mwaka 2018 ukawa wajibu wa kisheria.

Tuchukue mfano ili tarakimu hizo zieleweke. Halmashauri inayokusanya Shilingi bilioni 5 za mapato ya ndani yanayohusika na ukokotoaji huu inapaswa kutenga Shilingi milioni 500. Kati ya hizo, milioni 200 ni za wanawake, milioni 200 za vijana na milioni 100 za watu wenye ulemavu. Fedha hizi zimetokana na ushuru wa masoko, leseni za biashara, maegesho na tozo nyingine ambazo wananchi hao hao wamezilipa.

Fungu la pili ni manunuzi ya umma. Sheria inazielekeza taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa ajili ya makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sharti hili lilianza chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 kupitia marekebisho ya mwaka 2016, na limeendelezwa katika Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza Juni 2024. Zabuni hizo sasa hupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma, NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Usafi wa majengo, chakula cha vikao, sare, samani na matengenezo madogo ni miongoni mwa kazi ambazo kikundi kilichojipanga kinaweza kuzimudu.

Inafaa kueleza pia kwa nini Tanzania imeyatambua makundi yake kwa jinsia, umri na ulemavu, na si kwa kabila au rangi. Msimamo huo una mizizi mirefu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alisimama bungeni kupinga hoja ya kuutoa uraia kwa kigezo cha rangi. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inakataza ubaguzi, ukiwamo wa kabila na mahali mtu anapotokea. Katika mji kama Moshi, ambako Mchagga, Mpare, Mmasai, Mtanzania mwenye asili ya Asia na wengine wengi wanapakana vibanda, msingi huo umesaidia mjadala wa uwezeshaji usigeuke kuwa mashindano ya koo na makabila.

Funzo la kusitishwa kwa mikopo

Aprili 2023 Serikali ilitangaza bungeni kusitisha utoaji wa mikopo ya asilimia 10 ili kuandaa utaratibu mpya. Hatua hiyo ilifuatia taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo mwaka hadi mwaka zilionesha kasoro zinazofanana: vikundi vilivyokopa na kutorejesha, vikundi ambavyo havikuonekana vilipotafutwa, na halmashauri ambazo hazikupeleka kiasi chote kinachotakiwa na sheria.

Mikopo ilirejeshwa kuanzia Julai 2024. Halmashauri 10 zilichaguliwa kwa majaribio ya kutoa mikopo kupitia benki, na zilizobaki ziliendelea kwa utaratibu ulioboreshwa ndani ya halmashauri zenyewe, ukiwa na hatua zaidi za uhakiki kuanzia ngazi ya kata. Mkoa wa Kilimanjaro una mifano ya njia zote mbili. Halmashauri ya Wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa mlima, ni miongoni mwa hizo 10 za majaribio. Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi zimo katika kundi la pili. Mwananchi wa mkoa huu anaweza kulinganisha njia hizo mbili bila kusafiri mbali, na ulinganisho huo utakuwa na manufaa kwa nchi nzima endapo utafanywa kwa takwimu.

Ukizitazama kasoro zilizosababisha kusitishwa kwa mikopo, utaona kwamba zote zinahusu usimamizi. Kikundi hewa hakiwezi kupita mahali ambapo wanaoidhinisha wanawafahamu wakazi wa mtaa. Anayekopa kwa jina la watu wenye ulemavu ilhali hana uhusiano nao hupenya kwa sababu aliyepitia fomu hakuwahi kukiuliza chama cha watu wenye ulemavu cha eneo hilo. Mfumo wa kielektroniki husaidia kubaini mtu aliyejiandikisha mara mbili, lakini haujui kama kiwanda cha sabuni kilichoandikwa kwenye andiko la mradi kipo kweli Pasua au kipo kwenye karatasi pekee. Jirani anajua.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inaeleza vizuri kwa nini uwakilishi katika usimamizi ni suala la ufanisi, mbali na kuwa suala la haki.

Chukua ratiba ya marejesho. Katika miteremko ya Kilimanjaro kipato hakiji kwa mwezi kama mshahara. Mavuno ya kahawa huanza kushika kasi katikati ya mwaka. Wapagazi na wapishi wa safari za mlimani hupata kazi nyingi katika miezi ya kiangazi, na masika yanapofika kati ya Machi na Mei safari hupungua. Kikundi cha vijana wa Marangu kinachotakiwa kurejesha kiasi kilekile kila mwezi huweza kuonekana mkopaji mbaya mwezi Aprili, ilhali Agosti kingelipa bila kusukumwa. Mjumbe anayeifahamu kazi hiyo angelisema jambo hili kabla mkataba haujasainiwa.

Chukua pia suala la dhamana na ardhi. Kwa mila ya Wachagga, kihamba kimerithiwa zaidi kwa upande wa wanaume. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, lakini hati na majina ya muda mrefu hayabadiliki kwa siku moja. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anayechuma kahawa, kuimenya na kuianika huenda asiwe na jina lake kwenye shamba wala kwenye daftari la chama cha msingi. Kwa mtu huyo, mkopo wa kikundi usiodai hati ya nyumba ni mlango adimu. Kamati isiyo na sauti ya wanawake wa namna hiyo inaweza kuweka masharti yanayoonekana ya kawaida, kumbe yanaufunga mlango huo.

Mfano wa tatu ni wa watu wenye ulemavu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Kwa mtumiaji wa kiti mwendo anayeishi mteremkoni, safari ya kufika ofisi ya kata kufuata fomu ni gharama na adha. Kwa kiziwi, mafunzo ya vikundi yasiyo na mkalimani wa lugha ya alama ni siku iliyopotea. Fungu la asilimia 2 linaweza kubaki bila waombaji wa kutosha, kisha ikasemwa kuwa walengwa hawana mwamko. Anayejua ngazi za jengo zinavyomzuia mtu hawezi kufikia hitimisho hilo kwa haraka.

Historia ya mlima inavyoshuhudia

Moshi haijifunzi jambo hili leo. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Shabaha ilikuwa kulinda haki ya Mwafrika kulima na kuuza kahawa katika soko ambalo walowezi walitaka kulihodhi. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vinavyofahamika zaidi barani Afrika.

Hata hivyo, mwaka 1937 zilizuka ghasia mlimani, na baadhi ya maghala ya ushirika yakashambuliwa na wakulima. Chama kilikuwa chao kwa jina, lakini meneja wake alikuwa Mzungu aliyetoka katika utumishi wa serikali ya kikoloni, na wakulima walilazimishwa na sheria kuuza kahawa yao kupitia chombo hicho pekee. Wengi waliona kwamba maamuzi yanatoka juu na hesabu hazielezwi chini. Chombo kilichoundwa kumlinda mkulima kilipoteza imani yake pale mkulima alipojiona mtazamaji.

Funzo hilo limebaki kuwa sehemu ya elimu ya ushirika ambayo Moshi imeitoa kwa nchi nzima tangu Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwanachama anayesoma hesabu ndiye mlinzi wa kwanza wa mali ya chama. Kanuni hiyo haina sababu ya kuishia kwenye kahawa.

Viti vilivyopo na vinavyokosekana

Je, makundi maalum yana viti gani leo katika usimamizi wa fursa za halmashauri? Jibu linatofautiana kwa kila kundi.

Wanawake wana nafasi iliyowekwa na sheria. Madiwani wa viti maalum, ambao kiwango chao ni theluthi moja, wanaingia katika baraza na katika kamati zake za kudumu, ikiwamo kamati inayosimamia fedha. Katika ngazi ya mtaa na kijiji pia zipo nafasi mahsusi za wajumbe wanawake.

Watu wenye ulemavu hawana viti vya aina hiyo katika baraza la madiwani. Walichonacho ni kamati zinazotokana na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, zinazopaswa kuwapo kuanzia ngazi za chini hadi mkoa. Serikali imekuwa ikizihimiza halmashauri kuziunda na kuziwezesha. Pale kamati hizo zinapofanya kazi, zinaweza kuwa jicho la kwanza la kuthibitisha kama kikundi kinachoomba fungu la asilimia 2 ni cha walengwa halisi.

Vijana na wafanyabiashara ndogondogo wanategemea zaidi majukwaa ya ushauri na vyama vyao. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022, ndiyo inayowaratibu wamachinga kitaifa. Katika halmashauri, mtu wa kwanza wanayekutana naye ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo anayehamasisha, anayesajili vikundi, anayefundisha na anayefuatilia marejesho. Ni mzigo mkubwa kwa mtumishi mmoja, na kumwongezea jukumu la kujikagua mwenyewe si haki kwake wala kwa wananchi.

Hapa tofauti kati ya kushirikishwa na kusimamia inapaswa kueleweka. Kushirikishwa ni kuitwa ukumbini, kusikiliza na kutoa maoni. Kusimamia ni kuona orodha ya waombaji, kujua aliyekataliwa na sababu ya kukataliwa, kupata taarifa ya marejesho na kuwa na njia ya kupeleka hoja inayolazimu majibu. Mengi ya tunayoyaita ushirikishwaji yanaishia kwenye hatua ya kwanza.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwakilishi anaweza naye kugeuka kuwa kikwazo. Kiongozi wa chama anayekaa kwenye kamati ya uhakiki huku kikundi chake kikiwa miongoni mwa waombaji ana mgongano wa maslahi, na kiti chake hakipaswi kuwa njia ya mkato ya kujipatia mkopo. Dawa ni ya kawaida katika utumishi wa umma: atamke maslahi yake, atoke wakati ombi lake linajadiliwa, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Uzoefu wa wengine

Majirani zetu wa Kenya walianza kutenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu mwaka 2013. Kiwango ni kilekile kilichopo Tanzania, jambo linalofungua nafasi ya kujifunza pande zote mbili za Holili.

Mfano wa mbali zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1983 jiji la Richmond, Virginia, liliwataka makandarasi wakuu kuzipa kampuni za jamii za wachache angalau asilimia 30 ya thamani ya kandarasi. Karibu nusu ya wakazi wa jiji walikuwa weusi, lakini wafanyabiashara wa jamii hizo walikuwa wakipata chini ya asilimia 1 ya kandarasi kuu za ujenzi. Pamoja na pengo hilo, mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliutengua mpango huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba jiji halikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu ubaguzi katika sekta yake ya ujenzi, na kwamba kulinganisha kandarasi na idadi ya wakazi wote hakukutosha. Ilipaswa kujulikana ni kampuni ngapi zenye sifa zilikuwapo.

Mazingira ya kisheria ya Tanzania ni tofauti, kwani hapa asilimia hizo zimewekwa na Bunge lenyewe. Lakini funzo la takwimu linatuhusu. Halmashauri inayojua ina vikundi vingapi vyenye sifa, vya kazi gani na katika kata zipi, inaweza kueleza kwa nini fungu fulani halikutumika na nini kifanyike. Isiyojua hubaki kukisia.

Nini kinawezekana sasa

Hatua kadhaa zinaweza kuchukuliwa ndani ya sheria zilizopo. Ya kwanza ni kubandika orodha. Majina ya vikundi vilivyoomba, vilivyopata, kiasi na hali ya marejesho yakiwekwa kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa, kikundi hewa hakitadumu wiki moja bila kujulikana. Ya pili ni kuzipa kamati za watu wenye ulemavu na vyama vya wafanyabiashara ndogondogo nafasi rasmi ya kutoa maoni ya maandishi kabla ya uhakiki kukamilika. Ya tatu ni kupanga marejesho kwa kuzingatia msimu wa kazi ya kikundi. Ya nne ni kuunganisha mafungu mawili: kikundi kilichopata mkopo wa cherehani kiandaliwe pia kusajiliwa NeST, ili zabuni ya sare ikitoka kiwe tayari. Na kazi ikikamilika, kilipwe kwa wakati, kwa sababu mtaji mdogo hauwezi kusubiri malipo kwa miezi.

Mwananchi naye ana nafasi zake. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wakazi wa mitaa nao wana mikutano yao. Taarifa ya mapato na matumizi ni ajenda halali katika mikutano hiyo. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Swali kama "fungu la asilimia 2 la mwaka uliopita lilikwenda kwa vikundi vipi?" linastahili jibu lenye majina na tarakimu.

Kwa watumishi wa umma, maswali hayo yasichukuliwe kuwa uchokozi. Mwaka 2023 nchi nzima ilisimamisha mikopo, na waliokuwa wakirejesha kwa uaminifu walisubiri pamoja na waliokimbia na fedha. Aliyeumia zaidi ni mwenye biashara ndogo isiyo na akiba, ambaye hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Kumpa mtu huyo kiti, orodha ya kusoma na mahali pa kuhoji ndiyo njia ya uhakika ya kuzuia hali hiyo isijirudie.

Halmashauri huandaa bajeti zao katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Huo ndio wakati wa vikundi vya Kiboriloni, Njoro, Machame, Marangu na kwingineko kufika kwenye mikutano ya mitaa na vijiji vyao na kuuliza mambo mawili kwa pamoja: kiasi kilichotengwa kwa ajili yao, na jina la atakayewawakilisha kitakapogawanywa.